Gitaa ulilorekodi chumbani: Litume kama swali, na uache nafasi ya jibu

Umekipiga mara ishirini. Umengoja jirani wa juu azime redio, umengoja boda ya mwisho ipite, ukaegemeza simu kwenye rundo la vitabu na kubonyeza kitufe chekundu. Sasa kipo: dakika mbili na nusu za gitaa tupu, bila neno hata moja, kimejificha kwenye simu kwa jina la ajabu kama "Rekodi 014". Unakisikiliza ukiwa ndani ya matatu na moyo unakuambia hii kitu ni kali. Ila hakuna mwingine aliyekisikia.

Hapo ndipo vijana wengi wanaopiga ala hukwama. Kuna wanaokaa na rekodi zao mpaka simu iibwe au itumbukie majini, na muziki unaenda nayo. Wengine hufanya kinyume. Wanamwaga faili katika kundi la WhatsApp lenye watu mia na themanini, katikati ya matangazo ya mchango wa harusi na video za vichekesho, halafu wanakaa kuhesabu. Wanapata vidole gumba vinne, "moto" tatu na "bro unajua" moja. Kesho yake kundi limesonga mbele, na wewe hujui hata kama kuna mtu aliyesikiliza hadi mwisho.

Usiwalaumu marafiki. Muziki usio na maneno ni mgumu kuutolea maoni. Wimbo wa kuimba, hata asiyejua muziki atakuambia ubeti wa pili umemgusa au kiitikio kinachosha. Gitaa tupu halimpi pa kushika. Na hata mwanamuziki mwenzako, ukimtumia kipande bila kumwambia unataka nini, umempa kazi mbili: asikilize, kisha abuni swali ambalo wewe hukuuliza. Nani ana muda huo siku ya Jumanne jioni?

Kwa hivyo shauri langu ni hili: kitume kama swali, na ndani ya muziki wenyewe acha nafasi ya jibu.

Gitaa la kwetu limezoea kujibiwa. Chukua omutibo, ule mtindo wa Waluhya uliovuma miaka ya 1950 na 1960 na ambao jina la George Mukabi halitengani nao. Kidole gumba kinatembeza besi, kidole cha pili kinachezea sauti za juu, na kando ya mpigaji kuna mwenzake aliyeshika chupa ya Fanta ya kioo, ile yenye migongo migongo, anaigonga na kuiparuza. Ukisikia rekodi hizo, chupa haijaongezwa kama pambo. Gitaa linamwachia mwenye chupa mahali pake, na wakati mwingine ni kama linamsubiri.

Benga nayo ilizaliwa kwa mazungumzo. Wapigaji wa Kiluo walichukua vidole vya nyatiti, chombo cha nyuzi nane, wakavihamishia kwenye gitaa. Mpiga nyatiti hufanya kazi ya watu watatu: mikono kwenye nyuzi, njuga mguuni, na pete ya chuma kwenye kidole cha mguu inayogonga mbao za chombo. Kazi hiyo ilipohamia bendi, ikagawanywa. Solo akabeba nyuzi, rithim akashikilia kati, besi akachukua chini, dramu zikachukua mguu. Sikiliza benga yoyote nzuri: mwimbaji akinyamaza, solo anaingia kumjibu, na besi haimsindikizi tu bali inamchokoza. Wewe unayerekodi peke yako chumbani umekalia kiti kimoja tu kati ya vinne. Viti vile vingine ndivyo vinavyotafutiwa watu.

Na usijidharau kwa kuwa huna studio. Hugh Tracey alipomrekodi Jean-Bosco Mwenda huko Jadotville, Katanga, mnamo 1952, Mwenda alikuwa kijana wa miaka ya mwanzo ya ishirini, na alichokuwa nacho ni gitaa kavu na vidole viwili, gumba na cha pili. Rekodi zile zilisafiri. Wapigaji wa Kenya walizisikia, wakakaa nazo, wakatafuta vidole vinaenda wapi, wakachanganya na vyao. Hiyo ndiyo kazi ambayo kipande chako kinaweza kufanya kwa watu watano wa mtaa wako.

Watano, nasema, si mia na themanini. Tafuta wachache ambao kila mmoja anasikia kitu tofauti. Mpiga besi ni wa lazima, kwa sababu yeye ndiye atakayekuambia kidole gumba chako kimeshamnyima kazi. Mpiga kinanda wa kanisani anafaa sana. Hawa watu wana masikio, maana kila Jumapili wanamfuata mwimbaji aliyebadilisha kii bila kuaga. Tafuta pia mzee mmoja aliyewahi kupiga kwenye bendi ya hoteli au ya harusi. Yeye hatatumia maneno makubwa, atakuambia tu "hapo ulikimbia", na atakuwa amesema kweli. Mwingine awe mtu asiyepiga gitaa kabisa, mchezaji densi kwa mfano. Mpiga gitaa mwenzako anavutiwa na vidole vyako. Mchezaji anataka kujua mguu unaangukia wapi.

Kabla ya kutuma, hebu tusafishe kidogo. Huhitaji kununua chochote kwanza. Chumba cha kuta tupu na sakafu ya simiti kinarudisha mwangwi; chumba chenye kitanda, nguo zinazoning'inia na blanketi mlangoni kinaumeza. Keti ukielekea nguo, si ukuta. Simu iweke umbali wa kama sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye gitaa, ikitazama pale shingo inapokutana na mwili. Ukiielekeza moja kwa moja kwenye tundu, utapata mngurumo mzito unaofunika kila kitu. Kama nyumba ni ya mabati na wingu limetanda, wewe tulia tu, utarekodi kesho.

Jambo ambalo wengi hawajui ni kuwa programu ya kawaida ya kurekodi kwenye simu imetengenezewa sauti ya kuongea. Nyingi hujipandisha na kujishusha zenyewe, na zinajaribu kufuta kile zinachodhani ni kelele. Sasa ule mlio wa uzi unaofifia taratibu, ambao ndio utamu wenyewe wa gitaa, programu inauona kelele na kuukata. Tumia programu inayokuruhusu kuzima huo ujanja. BandLab ni ya bure na inafanya kazi kwenye simu. Mwenye tarakilishi anaweza kutumia Audacity, nayo ya bure. Usirekodi kwa sauti ya juu kabisa. Kilele cha sauti kikifika karibu desibeli sita chini ya mwisho wa kipimo, inatosha. Sauti ndogo unaweza kuipandisha baadaye. Iliyopasuka imepasuka.

Kuhusu namna ya kutuma: tafadhali usishike kitufe cha ujumbe wa sauti wa WhatsApp ukapiga gitaa humo humo. Ule ni wa "nimefika, shuka chini". Rekodi vizuri, kisha tuma faili lenyewe kama dokumenti. Faili la WAV la kawaida lenye pande mbili hula takriban megabaiti 10 kwa kila dakika, kwa hivyo kipande chako cha dakika mbili na nusu ni kama megabaiti 26. MP3 ya ubora wa juu ni kama 6 tu. Mtu wa kusikiliza na kutoa maoni mtumie MP3, usimchomee bando. Yule atakayeongeza ala yake juu yako ndiye wa kutumiwa WAV.

Halafu mwombe asikilize kwa vipokea sauti vya masikioni. Usione kama ni maringo. Uzi mzito wa gitaa, ile E ya chini, hutetema karibu mara 82 kwa sekunde, na spika ndogo ya simu haina uwezo wa kuutoa mtetemo huo vizuri. Rafiki anayesikiliza kwa spika akiwa jikoni hasikii kidole gumba chako. Atakuambia kipande "kiko peupe", nawe utaongeza mambo ambayo hayakuhitajika.

Sasa swali lenyewe. "Mnaonaje?" halisaidii. Swali zuri lina mahali na lina mipaka. Unaweza kuandika hivi:

"Sema Brayo. Nimekutumia gitaa la dakika mbili na nusu. Kii ni G, kapo freti ya pili kwa hivyo inasikika A, midundo 104 kwa dakika. Sikiliza kuanzia 1:10. Ile sehemu inarudi mara nne, nahisi ni nyingi. Ungekuwa unacheza besi ungeingia wapi? Ukipata nafasi kabla ya Jumamosi itakuwa poa."

Kwa mzee wa bendi lugha inabadilika: "Mzee wangu, habari ya jioni. Samahani kwa usumbufu. Kuna kipande nimepiga na naogopa kuwa naharakisha katikati. Ukipata dakika tatu, nisaidie kusikiliza hapo baada ya dakika ya kwanza." Ukimwandikia "sema buda" atajibu, ndiyo, lakini hatasikiliza.

Ona kwamba ule ujumbe wa kwanza umebeba kii, kapo na mwendo. Hayo matatu yanamwokolea mwenzako nusu saa. Na kodi zako (za gitaa, si za landlord) ziandike pia kama zimejificha kidogo. Hakikisha umetyuni kwa kipimo cha kawaida, A ikiwa hezi 440, kwa sababu kinanda cha kanisani hakiwezi kukushukia eti kwa kuwa ulityuni kwa sikio usiku wa manane. Kama unataka mtu aongeze ala, piga ukifuata metronomu kwenye sikio moja na uache miondoko miwili ya kuhesabu mwanzoni, hata kama ni kugonga ubao wa gitaa tu: moja, mbili, tatu, nne. Bila hiyo, mpiga dramu atakuwa anakukisia kama mtu anayedandia matatu inayotembea. Naye anaporekodi juu yako mwambie atumie vipokea sauti vya waya. Vile visivyo na waya huchelewesha sauti kidogo, na kidogo hicho kinatosha kuharibu kila kitu.

Wapo watakaosema metronomu inaua roho ya muziki. Mimi nasema inategemea. Kipande cha kusimama peke yake, kinachopumua, kinachokawia mahali na kukimbia mahali, kiache hivyo na ukitume kama kilivyo, ukiomba maoni tu. Lakini huwezi kupumua unavyotaka halafu ukashangaa kwa nini watu watatu waliorekodi katika vyumba vitatu, Kayole, Kakamega na Likoni, hawakutani kwenye mdundo wa kwanza.

Kile kinachowashinda wengi, kuliko mambo ya mitambo, ni kunyamaza. Ukiwa peke yako chumbani unajaza. Unacheza besi na solo na rithim kwa wakati mmoja, kwa kuwa ukimya unakutisha na hakuna mtu mwingine wa kuuchukua. Kinasikika kizuri kwa mtu mmoja. Kisha unakituma ukisema "ongeza kitu", na mwenzako anazunguka hapo kama mgeni aliyeingia sebule yenye viti vyote vimekaliwa. Jaribu hivi: tengeneza matoleo mawili. La kwanza liwe lile lako kamili, lenye mbwembwe zote. La pili ondoa kidole gumba kwenye mizunguko minane ya katikati, au piga mstari mmoja kisha unyamaze kwa muda wa mstari mwingine mzima. Mtumie mpiga besi toleo la pili. Usimtumie la kwanza kabisa mpaka arudishe lake, kwa sababu akilisikia ataiga ulichopiga, na wewe hukumtafuta ili akuige.

Majibu yakija, yapokee bila kujitetea. Ukianza na "lakini mimi nilikuwa namaanisha...", umefunga duka. Kama mmoja amesema sehemu fulani ni ndefu, weka kando. Wakisema wawili ambao hawajuani, ipunguze. Tiki mbili za buluu bila jibu nazo usizisomee tanzia. Watu wana kazi, wana mitihani, wana simu zilizojaa. Mkumbushe mara moja baada ya wiki, basi. Na wewe je, umesikiliza cha nani mwezi huu? Anayetuma kila siku na hasikilizi cha wengine hukauka haraka, watu humwona akija.

Sasa tuje kwenye hofu iliyofanya rekodi ikae kwenye simu kwa miezi sita: kuibiwa.

Hofu hiyo si ya bure. Gitaa lisilo na maneno ni rahisi kugeuzwa. Tuseme umemtumia mtu kipande, akakipeleka kwa produsa, produsa akakikata sekunde kumi na mbili zikawa zinajirudia, mwimbaji akaimba juu yake, na baada ya miezi mitatu unakisikia kwenye duka la nguo. Hakuna aliyekusudia kukuibia pengine. Kila mmoja alidhani "biti" ilikuwa ya yule aliyemtumia. Na wewe, ushahidi wako uko wapi?

Anza kwa kujua unachomiliki. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, muziki ulioutunga mwenyewe unalindwa pale unaporekodiwa au kuandikwa. Simu inatosha. Huhitaji kusajili ndipo uwe mwenyewe, ingawa Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, hupokea usajili wa hiari, na cheti hicho ni ushahidi mzuri siku ya mvutano. Utunzi unalindwa maisha yako yote na miaka 50 baada ya kifo chako. Rekodi yenyewe, ile sauti iliyonaswa, ni haki nyingine kando na utunzi, nayo ina miaka 50 yake. Ndiyo maana mtu akirudia kupiga utunzi wako kwa gitaa lake hajatumia rekodi yako, lakini utunzi bado ni wako. Mtindo ndio hauna mwenyewe. Huwezi kumshtaki mtu kwa kupiga omutibo, na wewe hutashtakiwa kwa kuchota vidole vya benga, ila ukichukua mstari mzima wa wimbo wa mtu, huo si mtindo tena.

Jambo lingine ambalo linafaa kujulikana na kila mpiga gitaa mtaani: kuhamisha hakimiliki, au kumpa mtu leseni ya yeye peke yake kutumia, sheria inataka iwe kwa maandishi yenye sahihi. Kwa hivyo "si ulimwambia achukue tu?" haitoshi kumfanya awe mwenyewe. Inaweza kuonyesha ulimruhusu kutumia, na hapo ndipo maneno ya kirafiki yanapogeuka kuwa kesi ndefu. Usiandike "fanya nayo chochote" kama humaanishi chochote.

Badala yake, ujumbe unaokwenda na faili uwe na sentensi mbili za ziada: "Hii nimeitunga na kuirekodi mimi. Tafadhali usiipeleke kwa mtu mwingine kabla hatujaongea." Si matusi hayo. Weka jina lako na tarehe kwenye jina la faili, achana na "Rekodi 014". Jitumie nakala kwa barua pepe siku ile ile, na utunze faili la kwanza kabisa, hata lile lenye makosa, pamoja na majaribio uliyokosea. Anayedai kuwa alitunga yeye mara nyingi ana toleo lililokamilika tu. Mwenye utunzi ana takataka za njiani.

Na mwenzako akikuongezea besi, mgawanyo uongelewe siku hiyo hiyo, kabla pesa hazijaonekana, wakati bado mnacheka. Je, besi yake ni utunzi au amepiga tu ulichomwelekeza? Je, kiitikio alichobuni rafiki yenu kimegeuza hiki kuwa wimbo wa watu watatu? Hakuna kipimo kimoja kwa kila kesi. Wengine hugawana sawa ili urafiki uishi, wengine huhesabu kila mchango. Chochote mtakachokubaliana, kiandikeni kwenye ukurasa mmoja: jina la kipande, nani alitunga nini, nani alirekodi, asilimia za kila mmoja, na nani anaruhusiwa kukipakia mtandaoni. Tieni sahihi, kila mtu apige picha ya karatasi hiyo. Inachukua dakika kumi. Rafiki anayekasirishwa na karatasi ya dakika kumi amekuonyesha jambo mapema.

Siku faili litakaporudi, jiandae kwa mshtuko mdogo. Besi itakuwa imeweka mdundo wa kwanza mahali ambapo wewe ulidhani ni wa tatu. Chupa au shekere itakuwa imekifanya kipande ulichokiita cha huzuni kianze kutikisa mabega. Usijibu usiku huo. Kisikilize kwa vipokea sauti, kisha ukicheze kwenye spika kubwa ya mtu, kisha ukae nacho siku mbili. Ukiona bado unapenda cha kwanza, mwandikie mwenzako umshukuru, umweleze ni sehemu gani unabakiza na ipi unaondoa, na matoleo yote mawili yahifadhi. Ukipenda kilichorudi, basi kitufe chekundu kinakungoja tena, maana huenda sasa gitaa lako ndilo linalopaswa kupigwa upya, likiwa na nyuzi mpya na maneno machache zaidi.